Weusi wa Mkandaa

Jumanne, 17 Juni

Subira ameniamkia. Shikamoo kamili, na magoti kayakunja! Mimi, wa miaka hamsini na minne tu! Nalaumu ndevu. Zimekuwa nyeupe tangu nilipofiwa na mke wangu, na yeye ni mjane pia, na kila nikipita barazani pake nasahau ninakokwenda.

Anasuka mikeka sita ya harusi ya kijijini Mtunda. Lazima iondoke Jumapili. Haina mistari myeusi, maana rangi ya dukani inachuja. Hemedy, fundi wa injini za boti, mwenye ndevu nyekundu za hina, kaahidi kumletea pakiti nyingine kutoka Kibiti. Nikausikia mdomo wangu ukisema nina weusi usiochuja mpaka Kiyama.

Sina.

Jumatano, 18 Juni

Nasra, mtoto wa dada yangu, yuko likizo hapa Maparoni. Anasoma sekondari. Kasema dawa ni gome la mkandaa, mkoko wa hapa mtoni. Jani hupika sukari kwa jua, kisha mti huchukua sehemu ya sukari ile, ukaigeuza hatua kwa hatua mpaka iwe kitu kikali chenye ukakasi, wadudu wasiutafune. Tanini. Ukoo wake unaitwa fenoli, umo kwenye chai, kwenye ndizi mbichi, hata kwenye hina. Tanini ikikutana na kutu, weusi mtupu! Mti ukiumizwa, kaongeza, hutengeneza zaidi.

Nimejilaza mchana kutwa nikiuwaza. Umesimama matopeni, kimya, unageuza jua kuwa uchungu. Kama mjane. Nikasinzia, nikamwona Subira akitembea juu ya maji yenye rangi ya chai.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeokota gunia la magome kwenye nguzo zilizokwisha katwa. Lakini nilitaka makali zaidi. Kuuchuna mti ulio hai sheria hairuhusu, basi nikachagua mmoja mnene nikaupiga makofi. Haukujali. Nikautukana. Kisha nikauonea huruma, nikauomba radhi, nikaanza kuusimulia habari za Subira: sauti yake, vidole vyake. Kaa walitoka mashimoni kusikiliza. Maji yakajaa taratibu mpaka kiunoni, nami nimeukumbatia, macho nimefumba.

Nilipofumbua, Hemedy alikuwa kwenye boti, kazima injini, anatazama.

Hata alasiri haijafika, kijiji kizima kinajua nimeposa mkandaa.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya sala nimechemsha. Ikatoka nyekundu! Nyekundu ya Hemedy! Nikatupia misumari ya kutu kwa hasira. Weusi ukaja polepole, kama wingu la masika. Nililia kidogo. Moshi.

Subira kaja na milala yake, makuti membamba ya kusukia mistari. Nusu kaichovya mwenyewe, kaitoa, kaondoka nayo akitabasamu. Nusu kaniachia, na agizo moja: niitoe kabla ya alasiri, kutu hula milala.

Nikajaribu rangi kidogo kwenye ndevu. Nikaketi zikauke. Nikawaza nyumba yetu, mimi na yeye, dirisha linatazama mto.

Adhana ya magharibi ndiyo iliyoniamsha. Milala ikavunjikia mikononi kama majani makavu.

Jumamosi, 21 Juni

Sabuni, ndimu, mchanga: havikufua dafu. Kidevu, midomo na sikio moja ni vyeusi kama chungu. Nikajifunga kilemba usoni nikaenda kusema kweli.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. "Bwana Bushiri," kasema, "nilikuambia neno moja tu." Akaingia ndani, akatoka na mkeka wake wa chumbani, aliousuka mwenyewe wakati marehemu mumewe yu hai. Akakaa chini, akaanza kuifumua mistari yake myeusi, iende kwenye mikeka ya harusi.

Nami nikakaa, nikafumua upande wa pili. Tulifumua mchana kutwa, nami sikusinzia hata mara moja, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Alikuwa akiulainisha kila mlala kwa kidole kabla ya kuuweka kando. Kilemba kilipofunguka akaniona. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yanamtiririka, na sikujua ni ya kicheko au ya mkeka ule.

Jumapili, 22 Juni

Mikeka yote sita imeondoka kwa boti ya Hemedy, na Subira juu yake. Kabla hawajang'oa nanga kaniambia weusi umekamata vizuri, na kwamba siku nyingine nimwite achemshe mwenyewe, mimi nikae mbali na sufuria.

Siku nyingine! Kasema siku nyingine! Mengine sikuyasikia vizuri.

Nasra ananiambia hata zambarau la tunda la mzambarau ni la ukoo ule ule wa fenoli. Nimeshampigia simu baba wa bwana harusi, nikamwahidi mikeka kumi na miwili ya rangi hiyo, ifike Jumamosi, kwa jina la Subira. Kafurahi sana. Mizambarau haijatoa hata maua, lakini hilo ni jambo dogo.