Akina Casimir na Nukta Nyekundu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimerudi kutoka kliniki na mashine. Kibao cha kioo chenye mguu, kamera juu, sauti ya mwanamke ndani. Itaniongoza kufanya mazoezi ya macho hapa hapa nyumbani, kisha yenyewe itapeleka habari zangu kliniki. Daktari Christiane anasema macho yangu si mabovu, ila hayashirikiani. Kila moja lina mipango yake. Kama watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Na yote haya kwa sababu ya geti! Mwezi uliopita nilikuwa ninaingiza lori la Bwana Mbusa kwenye depo yake ya Naviundu. Niliona mageti mawili. Nikachagua moja. Kumbe nimechagua lile ambalo halipo. Mbusa, mtu wa Butembo, mpole hata akikasirika, aliangalia ukuta wake, akasema: "Casimir, kwanza macho, volant nyuma." Yaani usukani utasubiri. Nikileta karatasi ya kliniki kabla ya Jumamosi, lori la kwenda Mitwaba ni langu tena. Nisipoleta, anatafuta dereva mwingine.

Mimi, nikae nyumbani kuchambua maharagwe? Roho inaniuma.

Jumanne, 4 Novemba

Nimevaa koti la suti na tai. Kama daktari ananitazama kwenye ile kamera, asinikute na fulana yenye matundu. Léonie, mke wangu, akauliza nani amekufa.

Mashine ikasema: Casimir, uko tayari? Nikasimama, nikainamisha kichwa, bonjour Docteur. Kimya. Kiburi cha wasomi!

Nukta nyekundu inatoka mbali, inakuja taratibu mpaka puani. Ukiona mbili, gusa kioo. Niliona mbili tangu ikiwa mbali. Sikugusa. Nani atajua kinachoonekana ndani ya kichwa changu mwenyewe? Mashine ikasema kwa sauti tamu kwamba jicho la kushoto limetoka nje. Limetoka kwenda wapi? Nikamwuliza Léonie kama ni kweli. Akasema ndiyo, limeenda kwa jirani.

Jumatano, 5 Novemba

Mkono mtupu haulambwi. Nimemweka kuku mzima, hai, mbele ya kamera, Daktari aone kwamba nina shukrani. Mashine ikasema haioni uso vizuri, usogee karibu. Nikamsogeza kuku. Ikaanza mazoezi naye! Ikamwomba atulize kichwa. Kuku hakutuliza. Ikamwomba tena, bila hasira hata kidogo. Mimi jana haikunibembeleza hivyo.

Léonie akaingia, akashika kiuno: "Casimir, ile haiko muntu! Iko machine. Daktari eko kwake anakula!"

Sielewi. Kama hakuna mtu ndani, nani aliyeona jicho langu likitoroka? Na kama haimjui kuku kuwa ni kuku, inanijua mimi kwa lipi? Nimewaza mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Jibu: inajua jina tu. Basi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nina akili! Sijui kwa nini watu hawaioni.

Mdogo wangu alimpa mwanawe wa kwanza jina langu. Sasa ni mwanamume mzima, mrefu, ana leseni ya lori, anatafuta kazi. Namwita majina, naye ananiita majina, kama inavyotakiwa kwa watu wenye jina moja. Kwetu sisi tuliotoka Kasai, majina yako ni wewe. Si mfano wako. Wewe! Nikishindwa kufika kwenye matanga, yeye akienda, Casimir amefika, hakuna wa kulalamika. Léonie anamwita bwana yangu tangu akiwa mchanga mgongoni.

Mashine inamtaka Casimir. Casimir amekaa. Uongo uko wapi?

Nukta ikaja puani pake, macho yote mawili yakaifuata kama askari. Bravo, Casimir! Bravo, Casimir! Nilisimama mlangoni, machozi yakanilengalenga. Tangu harusi yangu hakuna aliyenipigia bravo.

Léonie amemchinja yule kuku. Firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba, ameiweka kwenye sahani ya majina. Eti bwana yangu amefanya kazi. Mimi nimekula shingo. Imenichoma kidogo, lakini nikajiambia: amekula nani? Casimir.

Ijumaa, 7 Novemba

Majina amerudia mazoezi. Mashine imefurahi kupita kiasi. Kliniki imempelekea Mbusa karatasi kwenye simu: macho ya Casimir yanashirikiana, anaweza kuendesha, atapimwa tena baadaye. Leo nitalala usingizi wa waziri.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilienda Naviundu na majina ili anibebee begi. Mbusa akafurahi kuniona. Akasema niingize lori kwanza, geti ni jipya, limepakwa rangi jana.

Nikapanda. Mageti mawili. Yote mapya. Mlinzi akatoa kiti chake, akatoa na redio yake, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara.

Nikashuka. Nikasema goti linaniuma, majina aingize, ni kitu kimoja. Akaingiza kwa mara moja, bila kugusa hata nyasi. Mbusa akaangalia karatasi kwenye simu, akamwangalia kijana, akamwuliza jina. Casimir. Akaomba leseni. Casimir. Akanigeukia, anataka maelezo.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri sana! Kwamba majina ni mtu mwenyewe, kwamba hakuna tofauti, kwamba mkimwona yeye mmeniona mimi. Mbusa alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Akasema basi ni vizuri, Casimir amepata kazi yake. Akampa ufunguo.

Majina akaja kunishika mkono kwa mikono miwili, akaomba nimbariki. Nikambariki. Ningefanya nini? Begi langu likaondoka naye kwenda Mitwaba.

Jumapili, 9 Novemba

Nimelia. Naandika wazi, nimelia. Lile lori nalijua mpaka kikohozi chake cha asubuhi.

Léonie hakunihurumia. "Unalia nini? Si ulisema ule majina yako njo wewe? Basi uko njia ya Mitwaba. Juu ya nini uko hapa unaomba chai?"

Kanisani wamenipongeza kwa kurudi kazini. Nikashukuru. Sijui ni nani aliyeshukuru.

Jumatatu, 10 Novemba

Mashine imeita yenyewe: Casimir, uko tayari? Nilikuwa mpweke. Nikakaa. Ikasema macho yamerudi nyuma sana, jicho la kushoto limetoka nje. Nikaigeuza itazame ukuta, lakini habari zilikuwa zimekwisha kufika kliniki.

Daktari Christiane amepiga simu, sauti ya moto. Casimir aende kesho kupimwa, la sivyo anamwambia Mbusa amshushe Casimir kwenye lori popote alipo. Yaani majina! Kijana mwenye macho mazima, na mzigo wa watu mgongoni, ashushwe porini kwa sababu ya jicho langu! Nimeona aibu. Kweli, nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Léonie anasema niende mwenyewe, nimweleze Daktari kila kitu, halafu nifanye mazoezi kwa macho yangu kama watu wengine. Njia ni fupi.

Nimelifikiria neno lake. Ni neno zuri. Lakini Daktari anamtaka Casimir mwenye macho mazima, na huyo yuko Mitwaba. Ndipo nikakumbuka: Luano, upande wa uwanja wa ndege, kuna shemeji ya dada yangu. Naye ni Casimir!

Anavaa miwani mizito, hiyo ni kweli. Nimemwambia kesho aivue mlangoni pa kliniki.