Gari Zima la Mtu Mmoja

Jamani, leo nimefedheheka. Si kidogo. Nimefedheheka mbele ya watu arobaini, sajini mmoja na punda wa kubeba maji, na nina hakika hata yule punda alinihurumia.

Nawaandikia kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya watu, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa, nyamazeni. Nyote mliosoma nami mnanijua. Ni Katana yule yule, mwalimu wa darasa la sita huku delta ya Mto Tana, mwaka wa kumi na moja sasa shule ile ile, ubao ule ule.

Juzi Jumamosi nililetewa barua. Nimeitwa Nairobi kufanyiwa usaili, kesho Jumanne saa mbili asubuhi, kwa nafasi ya kufundisha walimu chuoni. Nafasi hiyo nimeiomba mara nne na hii ndiyo mara ya kwanza kuitwa. Mwakani nitakuwa nimepita umri wanaoutaka. Barua yenyewe ilizunguka huko na huko wiki tatu kabla ya kunipata, na mabasi ya Nairobi yalishajaa hadi Jumatano. Nikampigia simu shemeji yangu aliye Nairobi. Akanijibu, "Fika Malindi tu. Tiketi ya ndege nimekukatia, Jumatatu saa tano."

Ndege! Mimi! (Katika ukoo wetu aliyewahi kwenda juu zaidi ni mjomba wangu, siku alipokwea mnazi, na yeye alianguka.)

Sasa, kutoka Garsen kwenda Malindi mnajua kuna eskoti. Kwa ajili ya majambazi, magari hukusanyika kwenye kizuizi cha polisi yakasindikizwa na askari, na msafara hauondoki kabla ya saa tatu. Nikipanda basi, ndege itaniacha. Nikaamua kukodi gari binafsi. Nilidhani sheria ya msafara ni ya mabasi tu. (Miaka kumi na moja naishi huku, na sikuwahi kukodi gari la kunifundisha.)

Basi jana alasiri, msafara wa siku ukiwa umeshaondoka, nikafika Garsen, nikachukua chumba kwa Mama Habiba, mwenye lojing karibu na stendi. Kisha nikamwendea Komora, dereva mwenye gari la Pijo la zamani. Nilimkuta akifuta kioo.

"Nataka gari zima," nikamwambia. "Kesho asubuhi mapema. Uwanja wa ndege, Malindi."

Komora akaacha kufuta. "Zima?"

"Zima. Sitaki abiria mwingine."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya matusi. Kwa kawaida dereva wa huku akitaja bei anategemea uikate nusu, naye aape kwa watoto wake, nawe uondoke, naye akuite. Hayo ndiyo maamkizi yetu. Lakini mimi nilishajiona mtu wa ndege. Mtu wa ndege atasimamaje kando ya barabara kupatana bei? Nikasema, "Sawa."

"Sawa?"

"Sawa. Muhimu niiwahi ndege."

Komora akanishika bega. "Pole sana, Mwalimu," akasema polepole. "Hiyo bei wacha. Wewe tia mafuta tu."

Nikarudi lojing nimetuna. Nilijiambia, kumbe mtu akitaja ndege tu, hata bei inamwogopa!

Jioni hiyo heshima ikazidi. Mama Habiba alizima redio nilipoingia. Akaniletea wali na samaki mzima na kukataa katakata malipo. Vijana waliokuwa wakicheza karata wakazikusanya wakanyamaza. Mzee Barisa, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye huwa anakunywa chai pale, alinishika mkono kwa mikono yake miwili wala hakuuachia upesi. Mimi nikaona wananionea fahari, ila wanashindwa kusema. Nikasimama. (Ndiyo, nilisimama.) Nikawatolea hotuba.

"Ndugu zangu," nikasema, "msijione wanyonge. Leo ndege imekuja upande wangu. Kila mmoja wenu siku yake itafika."

Mama Habiba akaziba mdomo kwa leso. Mzee Barisa akainamisha kichwa. "Kweli," akasema. "Hiyo maneno kweli kabisa."

Nikaenda kulala nikiwa mtu mkubwa.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilivaa suti yangu ya harusi. Nikavaa na miwani nyeusi niliyoinunua maalumu kwa ajili ya mawingu. Nilisikia watu nje wananong'ona. Nikafungua mlango, na hapo mbele ya lojing kulikuwa na kama watu arobaini. Wanaume wamevaa kofia, wanawake wamejifunika leso, na mwenye punda wa maji amesimamisha kazi. Nikajua wamekuja kuniaga! Machozi yalinilengalenga. Nikainua mkono nikawapungia kama mbunge.

Wanawake wakaangua kilio.

Mkono wangu ukabaki juu. Nikaliangalia Pijo. Viti vya nyuma vimeng'olewa. Mahali pavyo pametandikwa godoro, na juu ya godoro mkeka mpya. Kwenye kioo cha pembeni kimefungwa kitambaa chekundu. Ndani wameshakaa wanaume wanne, magoti yamefika kidevuni.

Nikapandwa na hasira. "Komora! Si nilikwambia sitaki abiria?"

"Hawa si abiria, Mwalimu," akajibu kwa upole. "Hawa ni wa kusaidia kubeba."

"Kubeba nini? Nina begi moja!"

Komora akamtazama Mzee Barisa. Mzee akasogea, akakohoa kidogo, na wanawake wakanyamaza ili asikike.

"Mwalimu," akasema, "jana sisi hapana uliza. Mtu ya msiba haulizwi. Lakini sasa watu nakwenda uwanja wa ndege. Wakifika pale watasema wanataka nani? Hii marehemu, jina yake nani?"

"Marehemu gani?"

"Ile nakuja na ndege."

Jamani. Watu arobaini wananitazama. Nikavua miwani.

"Mzee," nikasema, na sauti yenyewe ilitoka kama ya panya, "hakuna anayekuja na ndege. Nakwenda kuipanda mimi."

Punda akatikisa masikio.

Komora ndiye aliyeanza, na alikuwa karibu kulia. "Mwalimu, ni nani Garsen anakodi gari zima kwenda kwa ndege? Ni mtu anapokea maiti kutoka Nairobi! Na wewe hukupatana bei. Nilitaja bei mbaya, nikangoja unitukane, ukasema sawa. Mtu ambaye hajafiwa atasemaje sawa?"

"Na ule wali wangu?" akauliza Mama Habiba.

Nilitaka ardhi inimeze, suti na vyote. Mama Habiba hakuwasha moto wa chapati asubuhi hiyo. Mzee Barisa alikuwa na ng'ombe wa kuvusha, akaahirisha. Wale wanne ndani ya gari, hata mmoja hakulijua jina langu la pili, nao walikuwa tayari kwenda hadi Malindi wakibanana kama viazi ili nisimpokee maiti wangu peke yangu. Na mimi jana yake niliwahutubia! Niliwaambia siku yao itafika!

Bibi mmoja akajitokeza mbele, macho bado mekundu. Anaitwa Bibi Mariamu, amekuja kwa miguu kutoka kijiji cha Idsowe na mkaza mwanawe. Akanisogelea kabisa.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa?"

"Hakuna, Bibi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Nisamehe."

Akashika kifua. "Mungu ashukuriwe!" akasema, kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Wakacheka wanawake, wakacheka wale wanne, mmoja akatoka garini akiwa amekufa ganzi mguu, akaanguka, wakamcheka na yeye. Nikacheka na mimi, maana ningefanya nini?

Aliyekuwa hacheki ni sajini wa kizuizini. Naye alikuwa amekuja msibani, kofia kwapani. Akaivaa.

"Mwalimu, mimi nilitoa ruhusa gari ya maiti ipite mapema na askari wawili," akasema. "Kabla ya msafara hupita maiti ama mgonjwa. Gari ya mtu mzima na begi yake inangoja saa tatu kama wengine."

"Afande, ndege ni saa tano. Kesho nina usaili."

"Nimesikia. Sheria si yangu."

Kicheko kikakatika. Nami nikahesabu kichwani: kuondoka saa tatu, na barabara ile, ndege itakuwa imefika Nairobi nikiwa bado nakula vumbi. Miaka kumi na moja. Mara nne kuomba. Na yote yanapotea kwa sababu nilijidai kidogo mbele ya dereva. Siwafichi, nilikaa juu ya begi langu.

Bibi Mariamu akajiinua kutoka chini, akajipangusa mchanga.

"Sajini," akasema, "kwani mgonjwa ni yupi kwako?"

"Mgonjwa ni mgonjwa, Mama."

"Rehema, njoo hapa."

Rehema, mkaza mwanawe, akasogea. Tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Mimba ya miezi minane, na mkononi ana karatasi ya zahanati.

"Huyu, mtoto wake wa kwanza alimletea shida mpaka tukampoteza mtoto," akasema Bibi. "Nesi ameandika ajifungulie Malindi, katika hospitali. Leo tulikuwa tunakwenda kupanda basi ya msafara, tukasikia mwalimu mgeni amefiwa, nikasema, tupitie kwanza tumlilie, hana watu hapa. Sasa gari lipo. Godoro lipo. Unataka huyu akatikiswe na basi?"

Sajini akaisoma karatasi, pande zote mbili. Akamtazama Rehema, akanitazama mimi pale juu ya begi. Naapa niliona mdomo wake ukicheza.

"Hiyo ni gari ya mgonjwa," akasema. "Mwalimu ni nani wa mgonjwa?"

"Ndugu," akasema Rehema haraka.

"Basi ndugu apande mbele."

Hivyo ndivyo nilivyosafiri, wenzangu, katika gari langu binafsi, zima, lisilo na abiria mwingine. Nyuma Rehema juu ya godoro, Bibi Mariamu pembeni yake, na askari wawili na bunduki zao. Mbele mimi na Komora, na mapajani mwangu chombo cha maziwa ambacho Mzee Barisa alikileta kwa ajili ya matanga akakataa kurudi nacho. "Maziwa hapana jua nani amekufa," alisema. Kila shimo lilipotikisa gari, suti yangu ilikunywa.

Tulikuwa tumekwenda mbali nilipokumbuka kile kitambaa chekundu cha gari la maiti. "Komora, simama tukifungue."

"Wacha," akasema. "Hujaona tunavyopishwa?"

Ni kweli. Wachunga ng'ombe walikuwa wanaondoa ng'ombe barabarani na kusimama kimya. Nilijisikia mwizi. Bibi Mariamu ndiye alinituliza: "Pokea tu. Wanampisha Rehema, ila hawajui."

Tulipofika Malindi nikasema tupitie hospitali kwanza. Rehema akakataa. "Mimi siku yangu bado, Mwalimu. Ndege haitakungoja." Tukaenda uwanjani, na pale, kwa sababu ya kile kitambaa, wafanyakazi wawili wakaja mbio na toroli refu. "Poleni sana," wakasema. "Mna karatasi za marehemu?"

"Marehemu ni mimi," nikawajibu. Nilikuwa nimechoka.

Bibi Mariamu alishuka kuniaga. Akanipangusa maziwa kwenye koti kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu, kama mama anavyompangusa mtoto wa shule. Nikamwomba tena msamaha kwa kumliza bure.

"Bure wapi?" akasema. "Jana hatukukujua. Leo tunakujua. Siku ukifa kweli, Mwalimu, tutakuja."

Nikapanda ndege na kulia kuanzia Malindi hadi Nairobi. Dada wa ndege alidhani naogopa, akanipa peremende mbili.

Sasa niko ofisini kwa shemeji, koti linanukia maziwa ya Garsen, na kesho saa mbili naulizwa maswali. Mkitaka kucheka, chekeni. Ila kwanza kila mmoja wenu aniambie ni watu wangapi, huko mjini mliko, wataacha ng'ombe wao asubuhi kuja kumlilia bila hata kumjua jina.