Teke la Bunduki na Aproni ya Waridi

Jumatatu, 6 Oktoba
Jumamosi ni mashindano ya kulenga shabaha ya klabu yetu. Atakayeshika mkia, Jumapili anavaa aproni ya rangi ya waridi na kukaanga chapati za maji kituo cha zimamoto, kaunti nzima ikila na kumtazama. Nimeivaa miaka miwili mfululizo. Mara ya tatu sivai! Bunduki yangu ikifyatuka hurudi begani kwa teke la nyumbu, ingawa risasi najaza mwenyewe kwa baruti kiduchu. Ndiyo maana Orrin, kaka wa mke wangu Rhonelle, ananishinda. Nimepata dawa. Ndani ya kitako mna kipande cha chuma, kinarudi nyuma na springi kila ukifyatua. Kikiwa kizito, teke hupungua. Nimenunua kizito kuliko vyote dukani.

Jumatano, 8 Oktoba
Majaribio machimboni. Risasi ya kwanza, laini! Bega halikujua kama nimefyatua. Ya pili, kimya. Ganda la risasi limekwama ndani. Nikalichokonoa. Laini tena. Kimya tena. Bunduki nusu imepona, nusu imekufa. Sielewi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mzee Hollis wa dukani anasema risasi zangu dhaifu haziwezi kukisukuma chuma kile hadi nyuma, ndiyo maana ganda halitoki. Risasi kali, chuma kizito. Risasi dhaifu, chuma chepesi. Nikamwambia nimeelewa. Kufika nyumbani sielewi tena. Nilichoshika ni kimoja tu: chuma kizito kinakwamisha bunduki. Basi kikwamishe ya Orrin!

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimekwenda kwa Orrin kuazima ngazi. Bunduki yake ilikuwa mezani, gerejini. Alipoingia ndani kuleta kahawa, nikabadilisha vyuma. Chepesi chake kwangu, kizito changu kwake. Kisha nikanunua risasi kali kama zake, maana Mzee Hollis alizitaja. Rhonelle kauliza ngazi iko wapi. Nimeisahau.

Jumamosi, 11 Oktoba
Bunduki yangu haikukwama hata mara moja. Ilinipiga! Miwani iliruka, kofia ikafuata. Risasi tatu zimetua kwenye shabaha ya jirani. Bunduki ya Orrin ilitulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Yeye wa kwanza, mimi mkiani. Orrin akaja akanishika bega lile lile lililopigwa.

"Shemeji, chuma chako nilikiona jana ile ile. Nikasema ngoja nikijaribu kwanza. Asante sana."

Mtu ametegewa, anashukuru. Kichwa kinaniuma.

Jumapili, 12 Oktoba
Chapati mia mbili, kwa mkono mmoja. Rhonelle anasema aproni imenikaa vizuri, isirudishwe kabatini. Orrin kala saba. Aibu imenijaa mpaka masikioni.

Lakini nimeng'amua siri: aliyeshinda ndiye aliyekuwa na chuma kizito! Nimemwomba Orrin anirudishie changu. Kakubali papo hapo, huku akicheka, sijui nini. Risasi kali nimeziacha, zinaumiza. Mwakani ni chuma kizito na zile zangu za baruti kiduchu. Nashangaa sikuliwaza hili mapema.