Mguu Niliowaficha Watu wa Kodi

Jumatatu, 9 Machi 2026
Wiki ya nane mguu uko ndani ya plasta. Kreti za bia ziliuangukia kule depo ninakofanya kazi. Kila mwezi bima inanipa fidia, ndiyo inayotulisha. Leo jirani Viateur, fundi simu, msomi wa kila jambo, kaniambia watu wa kodi watakata nusu. Nusu! Nina kaduka ka soda, kwa hiyo fomu yao ya mapato lazima niijaze kabla mwezi haujaisha. Bon. Fidia siiandiki. Lakini wakiiona plasta watauliza nani ananilisha. Donc, mguu ufichwe. Akili kama hii hata Goma hakuna, na Goma nimekaa.

Jumanne, 10 Machi
Mkongojo chini ya kitanda. Nimevaa suruali ya marehemu baba mkwe, pana kama hema. Nimepita mbele ya ofisi ya kodi nikipiga mluzi. Machozi yalinitoka, nikasingizia upepo wa ziwa. Mke wangu Cansilde kasema, "Baba Régis, unatembea kama bata aliyemeza msumari." Wivu.

Jumamosi, 14 Machi
Arusi ya binamu yangu Umuhire, kule Mahoko. Mgeni mmoja mwenye mkoba na kalamu hauachi mguu wangu kwa macho. Mutu wa kodi, huyu! Nikacheza. Nikaruka. Ndani ya plasta kitu kikalia ka! Mgeni akapiga makofi, akaandika. Nimemshinda! Nikamwonea huruma, nikampelekea Fanta mbili.

Jumanne, 17 Machi
Barua. Yule alikuwa mutu wa bima, katumwa kuangalia wagonjwa wanaendeleaje. Ameangalia. Fidia imesimamishwa. Nikachechemea hadi ofisi ya kodi kuungama. Umutesi, binti wa dirishani, kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema taratibu kwamba fidia ya ajali ya kazini haikatwi kodi hata faranga. Wao wanataka mapato ya duka tu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Sijaelewa, lakini ana sauti nzuri.

Alhamisi, 19 Machi
Daktari: mfupa umepasuka upya. Bima: ngoma si kazi. Hawakuona jasho langu! Siku ya pili tunakula viazi bila mafuta, na Cansilde hasemi nami.

Lakini nimewaza. Fidia haikatwi kodi, duka linakatwa. Basi faida ya duka nitaiandika fidia! Inahitajika ajali moja tu, ya kazini. Nimepanga kreti tano juu ya kabati la duka. Viateur atazisukuma kesho saa nne.

Nimemwambia alenge mguu uliobaki mzima.