Hotuba ya Kuzindua Akili Unde ya Chumba Namba Saba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Idara ya Mizani na Vipimo. Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi, wa kudumu na wa muda, mliopo na mliotuma udhuru. Ndugu Makatibu, Makatibu Wasaidizi, na Wasaidizi wa Makatibu Wasaidizi. Wakuu wa Sehemu, Makaimu Wakuu wa Sehemu, na ninyi mnaokaimu nafasi za Makaimu. Wapimaji wetu wa masokoni. Wauza nyama, wauza nafaka na wenye maduka, ambao bila mizani zenu sisi sote tungekuwa nyumbani. Mabibi na mabwana: nawasalimu kwa heshima zote, kila mmoja kwa cheo chake, na yeyote niliyemsahau namwomba ajihesabu miongoni mwa waliotajwa.

(Makofi. Nimeyaandika mapema kwa mazoea. Yasipokuja, Ndugu Katibu anayenisomea ahesabu hadi tatu kisha aendelee.)

Naomba radhi kwa kuchelewa. Hotuba hii ilikuwa isomwe Jumatatu ya wiki iliyopita, na mlipewa taarifa kwamba koo langu limevimba. Koo langu lilikuwa zima. Naomba radhi tena kwamba siisomi mimi mwenyewe, bali nimeileta kwa mfano wa barua, kama watawa walivyotufundisha shuleni: salamu kwanza, radhi pili, haja tatu. Nimefanya hivyo kwa kuwa sauti yangu hutetemeka nikisema ukweli kwa muda mrefu, maana sijaizoesha.

Haja yenyewe mnaijua. Mmeitwa kwa mambo mawili: kuzindua rasmi Mradi Jumuishi wa Akili Unde na Usanifu Upya wa Muundo wa Taasisi, na kutia saini fomu inayoondoa nafasi moja katika Idara, yaani nafasi ya Mtunza Majalada. Mama aliyeishika nafasi hiyo kwa miaka ishirini na sita, mkisaini leo, atakabidhi funguo za masijala Ijumaa saa tisa na nusu alasiri.

Ndugu zangu, dunia imebadilika, na Idara yetu, ambayo kwa kawaida hubadilika miaka saba baada ya dunia, safari hii iliazimia kutangulia. Miezi minane iliyopita nilirejea kutoka semina elekezi ya siku tatu nikiwa na mkoba mpya, kalamu mbili na imani isiyo na mipaka. Tulielezwa huko, kwa projekta, kwamba miundo ya zamani, ile ya visanduku vilivyopangwa kama ngazi, mkubwa juu na mhudumu chini, ilijengwa wakati ambapo taarifa ilitembea kwa miguu na kila baada ya hatua chache alihitajika mtu wa kuipokea na kuisogeza. Kwamba mashine ikishaweza kuibeba taarifa hiyo yenyewe, ngazi za katikati hukosa la kufanya. Na kwamba swali linalobaki ni moja tu, nani anafanya kazi na nani anaitazama kazi ikifanywa. Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika katika daftari langu na kuipigia mstari mara mbili, bila kudhani hata kwa dakika moja kwamba ilikuwa ikinisema mimi.

(Kicheko cha staha.)

Nawakumbusha tulikotoka. Muuza nyama akitaka mizani yake ihakikiwe na kugongwa chapa, barua yake ilipita meza kumi na moja. Katika kila meza mkubwa wa meza hiyo aliandika "Nimeona", akaweka tarehe, akasukuma mbele. Ya kumi na moja ilikuwa meza yangu, nami kwa kuwa ni Mkurugenzi niliandika "Nimeona, iendelee", pasipo kusema iendelee wapi. Barua ilirudi masijala, na Mtunza Majalada ndiye aliyemtuma mpimaji sokoni, jambo ambalo angeweza kulifanya siku ile ile barua ilipoingia.

Ndipo tukaipokea mashine. Hati ya mzigo ilisomeka waziwazi: "Mashine, A.U., moja." Niliipeleka Chumba Namba Saba, nikaitandikia zulia, nikaitundikia pazia, nikaagiza kufuli lenye funguo mbili. Ni nyeupe, kimo chake kama cha kiti, inanguruma kwa adabu, na kila asubuhi trei yake ya chini hukutwa na maji, lita mbili, wakati mwingine tatu, ambayo niliwaeleza wageni wetu kuwa ni jasho la ukokotoaji.

Mfagizi wetu, mwanamke asiyemung'unya maneno, aliniuliza mbele ya ujumbe wa wageni, "Mzee, mbona mashine yako inakojoa?"

"Inafikiri, mwanangu," nikamjibu. "Kwani wewe ukifikiri sana hutoki jasho?"

"Natoka. Lakini sijawahi kujaza ndoo."

Nilimwandikia barua ya onyo kwa kukosa mtazamo wa kidijitali. Barua hiyo naifuta leo, naye namwomba radhi mbele yenu.

Sasa, kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, sikuruhusu mtu yeyote kuingia na kuibonyezabonyeza mashine ya Idara. Nilielekeza kwamba kila swali kwa Akili Unde liandikwe kwa barua, nakala mbili; lipitie masijala; lipewe namba; lipelekwe Chumba Namba Saba; na jibu lirudi kwa njia iyo hiyo. Semina haikutufundisha hivyo, lakini niliona semina imepungukiwa.

Na matokeo, Waheshimiwa, yalikuwa ya kutikisa. Katika miezi minane tuliiuliza Akili Unde maswali mia nne na kumi na mawili, nayo ikajibu mia nne na kumi na mawili. Muda wa kumjibu mwananchi ulishuka kutoka siku sitini na tatu hadi mbili. Kiwango cha kuridhika kilifikia asilimia mia moja na nne, kwa kuwa wapo walioridhika wakarudi kuridhika tena. Tuliuliza mizani za soko la nafaka zikaguliwe lini, ikajibu ziende Jumanne, kwa sababu Jumatatu wauzaji huwa mnadani. Tuliuliza muundo mpya uweje, ikapendekeza mpimaji anayekwenda sokoni agonge chapa na kusaini palepale, na meza kumi na moja ziwe mbili. Mkuu wa Sehemu ya Vipimo vya Urefu alinifuata ofisini akiwa ameshika jibu lake mkononi.

"Mzee, akili hii si ya kawaida," alisema. "Imenipangia kazi siku zote isipokuwa Alhamisi mchana. Imejuaje kwamba Alhamisi mchana sipo?"

"Ni data," nilimwambia. "Data haidanganyi."

"Basi iambie isimwambie mke wangu."

(Kicheko. Mkuu wa Sehemu asigeuke kutazama nyuma.)

Nilisimama katika vikao vitatu nikajiita baba wa sinejia, yaani wa nguvu za pamoja. Nilitengeneza dashibodi ya kadibodi, yenye mishale ya kijani, nikaitundika kwenye korido. Niliwaandikia wakurugenzi wenzangu wa idara nyingine barua za kuwahurumia.

Kisha likaja swali la thelathini na moja la robo ya mwisho, nililoliandika kwa mkono wangu: "Katika muundo mpya, ni nafasi ipi inaweza kuondolewa bila mwananchi kuhisi pengo?" Jibu lilikuja baada ya siku mbili, mistari minne, bila pambo: "Nafasi ya Mkurugenzi. Katika barua zote za mwaka huu hakuna uamuzi hata mmoja uliofanyika kwenye meza hiyo. Barua zinazopitia hapo hukaa wastani wa siku kumi na tisa. Mwenye nafasi ni mtu mwema."

Waheshimiwa, mtu msomi akipata jibu kama hilo hujitafakari. Mimi niliandika pembeni "hitilafu ya algorithimu", nikachukua kalamu ya bluu, nikafuta neno "Mkurugenzi", na juu yake nikaandika "Mtunza Majalada", kwa hoja kwamba mashine ikishabeba taarifa, mbeba majalada wa nini. Neno hilo la bluu ndilo lililoingia katika fomu iliyo mbele ya Mwenyekiti.

(Hapa sikuandika makofi.)

Jumatatu ile ya uzinduzi nilifika kazini saa moja asubuhi ili nifanye mazoezi ya hotuba mbele ya mashine. Msinicheke. Tangu mama watoto aliponitangulia, miaka sita sasa, sina anayenisikiliza nikisoma. Yeye alikuwa akinyoosha mashati yangu huku akisema, "Baba, hapo umejisifu mara ya tatu, toa moja." Basi nilisoma kurasa mbili nikaona kimya kimezidi. Mashine haingurumi. Nikatazama: waya umeviringwa vizuri ukawekwa juu ya zulia. Mfagizi, nilipomwita, alisema aliuchomoa wiki tatu zilizopita trei ilipopasuka, akaniandikia kunijulisha, nami nikamrudishia ile karatasi ikiwa na neno "Nimeona".

Wiki tatu. Na mkononi nilikuwa na jibu la Akili Unde la juzi yake.

Nilishuka masijala. Mtunza Majalada alikuwa amefika, anapanga barua za siku kwa namba.

"Mama," nikamwambia, "majibu haya umeyaandika wewe?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nisamehe. Umeyaandika wewe?"

"Kanuni inasema kila barua ijibiwe ndani ya siku kumi na nne," alisema. "Chumba Namba Saba hakijibu. Nilikupelekea dokezo kuuliza nifanyeje, ukaandika umeona. Ningezifungia kabatini?"

"Lakini umesaini Akili Unde."

"Sijasaini Akili Unde, Mzee. Vaa miwani."

Nilivaa miwani. Juu ya jina la mashine, kwenye kila jibu, kulikuwa na herufi tatu ndogo, safi: "kny". Kwa niaba ya. Majibu mia nne na kumi na mawili, na sisi sote, kuanzia kwangu kushuka, hatukuziona.

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo siipendi nikiikumbuka, kama alijua kuhusu fomu.

"Niliipa namba," alisema. "Kila kinachotoka kwako mimi ndiye ninayekipa namba."

"Na hukusema kitu?"

"Uliuliza mashine ni nafasi gani iondoke, nikajibu nilivyoona. Wewe ukaona vingine. Mkubwa ni wewe." Akasogeza rundo la barua. "Ila kama naondoka Ijumaa, nahitaji mtu wa kumwonyesha. Hawa wauza nyama saba wanasubiri chapa, na mizani ya yule wa kona inadanganya gramu hamsini. Si kosa lake, springi imechoka. Asiandikiwe faini."

Nilirudi ofisini nikawaarifu kwamba koo limevimba. Siku tisa zilizofuata nilikuwa natafuta namna ya kuupamba ukweli huu ufanane na mafanikio, kwa maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Nimeshindwa. Nimefuta wino wa bluu kwenye jibu lile, nimejaza fomu upya, nimerudisha neno "Mkurugenzi" mahali lilipokuwa, na chini yake nimetia saini yangu nikiwa mwenye nafasi husika, ili Bodi isipate usumbufu wa kunishauri. Mkataba wangu umeongezwa mara tatu kwa sababu hakuna aliyegundua kwamba ulikuwa umekwisha.

(Minong'ono. Ndugu Katibu asubiri itulie.)

Na sasa, kwa kuwa hotuba haijawahi kukamilika bila kaulimbiu, naomba wote tusimame. Nikisema "Muundo mwepesi", mjibu "Kazi ionekane". Nikisema "Akili Unde", msijibu kitu, bali mkae.

Kwa kumalizia, natoa shukrani za dhati. Namshukuru mfagizi kwa swali lake, lililokuwa la kitaalamu kuliko semina yote. Namshukuru muuzaji wa mashine, ambaye nilimwandikia kudai maelezo, akanijibu kwa upole kwamba "A.U." katika hati yake ni "Anti-Unyevu", kwamba aliuza kifaa cha kukausha hewa ya vyumba vyenye ukungu, na kwamba kiliombwa na masijala yetu miaka minne iliyopita ili majalada yasioze. Akili Unde hatukuwahi kuiagiza, hatukuwahi kuipokea, na Mradi ninaouzindua leo haukuwahi kuwepo mahali popote isipokuwa katika hotuba zangu. Kilichokuwepo ni mama mmoja anayesoma barua hadi mwisho. Siku itakapofika mashine ya kweli, naamini itakuwa na manufaa makubwa, na naomba tu kwamba itakapouliza kazi hufanyikaje hapa, ipelekwe kwake kwanza.

Fomu iliyorekebishwa nimeiambatisha; inasubiri saini ya Mwenyekiti. Mchukuzi wa barua hii ni mimi mwenyewe, nipo kwenye benchi la nje ya mlango wenu. Mtunza Majalada hakuweza kuileta kwa sababu ameambatana na mpimaji kwa wauza nyama saba. Nilipomuuliza kama naweza kumsaidia kitu kabla sijaondoka kazini, alifikiri kidogo akasema msambaza barua yuko likizo, akanipa bahasha hii pamoja na kitabu cha kupokelea, akanionyesha mstari mtakaosaini, na kunionya nisirudi bila nakala iliyogongwa muhuri.