Farasi Mbovu Kupita Kiasi

Siku Fintan Delahunt alipomwona Clodagh, farasi jike wa Mama Geraghty, akiruka ukuta wa makaburi na kuchapa mbio maili tatu kwenye tope bila kuhema, alivua kofia. Msidhani aliwaheshimu marehemu. Alikuwa ameona pesa yenye miguu minne.

Mji mzima wa Ballinreask ulimjua Fintan. Huyu ndiye aliyemuuzia padri mwavuli wa padri mwenyewe, na padri akashukuru kwa kupunguziwa bei.

"Mama Geraghty," alisema jikoni kwa mjane huyo, chai mkononi, "nikodishe Clodagh wako. Chakula juu yangu, ushindi nusu kwa nusu."

"Hajakimbia mbio hata moja, mwanangu."

"Ndiyo maana namtaka."

Mama akamtazama kidogo, akamwongezea sukari. "Mpaka jioni ya mbio kubwa ya Machi. Zaidi ya hapo, sitaki."

"Hata nikikurudishia na shada la maua shingoni?"

"Maua atayala. Mrudishe tu."

Sasa, aliyebuni mbio za mizani alikuwa mtu wa haki. Farasi hodari hubebeshwa vipande vizito vya madini ya risasi kwenye tandiko, dhaifu hupunguziwa, ili wote wafike pua kwa pua na kila mwenye farasi alale na matumaini. Kazi ya kupima uwezo wao na kuwapa namba, kubwa kwa hodari, ndogo kwa dhaifu, ilikuwa ya Bwana Prunty, mzee mwembamba aliyedanganywa mchana kutwa na bado akienda kanisani jioni. Na sheria yasema: farasi hapewi namba mpaka aonekane akikimbia mara tatu.

Mara tatu! Fintan aliona kama sheria hiyo imetungwa na shangazi yake.

Hakumchapa farasi wala kumdunga dawa. Mungu apishe mbali. Alimpeleka tu kwenye mbio fupi, ardhi kavu kama mkate wa juzi, ilhali Clodagh ni mpenda safari ndefu na matope. Mara ya kwanza alikuwa wa mwisho. Mara ya pili, baada ya kunyweshwa ndoo ya uji, alikuwa wa mwisho tena. Mara ya tatu alikwenda taratibu hata mpanda farasi akapata wasaa wa kuwajulia hali watazamaji, mmoja mmoja, pamoja na ng'ombe wao.

Bwana Prunty akampa namba ya chini kuliko farasi wote wa wilaya. Fintan akacheza ngoma peke yake.

Kisha akaenda kwa Malachy Tuohy, mchezesha kamari mwenye tumbo la kuridhika. Ukutani kwake palibandikwa sharti: dau likipokelewa halirudi, farasi akimbie, asikimbie, au afe.

"Clodagh? Kwenye mbio kubwa?" Malachy alicheka mpaka akakohoa. "Nakupa moja kwa hamsini: weka moja, uchukue hamsini, na ninakuonea huruma."

Fintan akaweka mezani hati ya nyumba yake.

"Nyumba aliyokuachia mama yako?"

"Mama alipenda farasi."

Malachy aliivuta ile hati haraka, kama paka aliyekuta samaki hana mwenyewe.

Siku mbili kabla ya mbio, orodha ikabandikwa. Fintan akaisoma kutoka juu kwenda chini. Akaisoma kutoka chini kwenda juu. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Clodagh hayumo.

"Bwana Prunty, umemsahau farasi wangu!"

"Sijamsahau. Nafasi ni kumi na sita, walioomba ni thelathini na mmoja. Sheria inachukua wenye namba kubwa kwanza, tunashuka. Wako ni wa thelathini na moja."

"Lakini huyu ni moto, bwana wangu! Moto!"

"Niliyemwona mimi alikuwa majivu. Mara tatu."

"Siku zile... hakuwa sawasawa."

"Zote tatu?" Bwana Prunty akachukua kalamu. "Nani alimfanya asiwe sawasawa? Taja, niandike. Ukithibitisha ni hodari, nampandisha namba sasa hivi. Kisha nakufungia miaka mitano kwa kumzuia, na aliyefungiwa haleti farasi uwanjani."

Maisha yake yote Fintan aliuza uongo kwa jumla na rejareja. Leo mteja anataka ukweli, na dukani hamna.

Jumamosi mbio kubwa ikakimbiwa bila Clodagh. Jioni alirudishwa kwa Mama Geraghty, na nyumba ikaenda kwa Malachy.

Alhamisi iliyofuata palikuwa na mbio ndogo ya maskini wa Mungu, wale wenye namba za chini kabisa: maili tatu, mvua imenyesha, tope hadi magotini. Mama Geraghty alimwandikisha Clodagh, kisha akaenda kwa Malachy na akiba yake yote. Malachy, aliyekuwa bado anacheka tangu juma lililopita, akampa moja kwa arobaini.

Clodagh, mgongoni hana mzigo wa maana, aliwaacha wenzake mbali hata wa pili akadhani mbio imeahirishwa. Bwana Prunty alimpandisha namba jioni ile ile. Haki haikosi kufika; huchelewa tu kidogo.

Fintan alimkuta Mama Geraghty kwenye uzio, mwavuli kichwani. "Mama! Kumbe ulijua?"

"Marehemu mume wangu aliwapima wapanda farasi kwenye mizani miaka thelathini, mwanangu. Ulipotaka farasi asiyewahi kukimbia, nikajua unakwenda kumshusha namba, hadi akose mbio kubwa. Ningemshusha mwenyewe, ila ni dhambi, na mimi napokea komunyo kila asubuhi."

"Basi nusu yangu. Tulikubaliana!"

"Mpaka jioni ya mbio kubwa."

Malachy akaja, uso umemshuka. Pesa zake hazikutosha ushindi, akakamilishia kwa ile hati ya nyumba ya Fintan. Mama aliisoma yote, hadi maandishi madogo.

"Fintan, paa linavuja?"

"Jikoni tu, Mama," akajibu, na ukweli ukamchoma ulimi.

"Basi kinga ndoo. Na kodi nataka tarehe mosi, si tarehe mbili."