Neno la Kumpa Shukri

Jumatatu, 14 Julai
Baba yake Shukri amezikwa alasiri. Shukri, mwenzangu wa dawati tangu darasa la kwanza! Tulipanga mstari kumpa mkono. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Hongera." Hongera! Amjad wa darasa letu, nyuma yangu, akakohoa. Nikakimbia.

Jumanne, 15 Julai
Nina mpango. Sikanyagi matangani bila neno linalotosha. Nitalitia kwenye barua, na ile Hongera itasahaulika. Kamusi iko wazi. Huzuni: hapana, tuliitumia tulipofungwa mpira na kidato cha nne. Majonzi: la redioni. Simanzi: laini mno. Jitimai! Zito, linaingia mfupani. Mama akauliza kama ni ugonjwa wa mbuzi. Akaniambia enda ukakae naye, mwanangu, hata ukinyamaza. Mama hajui fasihi.

Jumatano, 16 Julai
Siku ya tatu, hitima. Nilichungulia kwa mbali. Amjad, aliyepata thelathini kwa mia katika insha, anawamiminia wazee kahawa. Kisha akaketi, Shukri akamwegemea bega. Nikaungua. Ni wivu au husuda? Nikarudi kupekua. Wivu unataka nami nipate. Husuda inataka Amjad akose. Basi ni husuda. Nilipotoka tena, mikeka imeshakunjwa.

Alhamisi, 17 Julai
Amjad kabisha hodi. Anasema Shukri ananiulizia. Kesho anahamia Mombasa kwa ami yake. Boti ya kumvusha hadi Mokowe, akapande basi, ni saa kumi na mbili asubuhi. Akaongeza kwamba nisilete karatasi, nilete uso. Kijicho hicho! Barua imefika ukurasa wa tisa.

Ijumaa, 18 Julai
Nilikimbia nayo. Kwenye ngazi za gati nikagundua nimeandika majonzi mahali pa jitimai. Nikaketi, nikafuta, nikaandika. Kuinua kichwa, boti iko mbali. Amjad, macho mekundu, akasema Shukri alikuwa akitezama ndia, kama natokea, mpaka ami yake akamvuta mkono. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Jumamosi, 19 Julai
Sijala. Kifua kama kimekaliwa na mtu. Mama anasema simu ipo, nimpigie. Nimwambie nini? Majuto ni neno dogo. Toba ni ya Mungu. Lazima liko jingine.

Simu inalia. Jina la Shukri kwenye kioo.

Ngoja kidogo, ndugu yangu. Nimefika herufi ya M.